Jipu pajani, sukari 17, na soda ambayo mama hakunywa

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa 8. Tangu Januari ametokwa na majipu matatu, la sasa liko pajani. Jirani anasema sukari ndiyo inayolisha vijidudu. Ninachoshangaa, kila jipu likitoka kipimo kinapanda hadi 17, na mama anaapa hajagusa soda. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Mama ni mkweli. Jirani naye amepatia kidogo tu.

Majipu mengi huletwa na bakteria waitwao stafilokokasi, ambao watu wengi tunatembea nao puani na kwenye ngozi bila shida. Wakipenya kwenye kinyweleo, chembe nyeupe za damu huwakimbilia, zikawameza na kuwaua. Sukari ikiwa juu, chembe hizo huchelewa kufika, na zikifika humeza kivivu na sumu zao za kuulia hupungua nguvu. Ndiyo maana kijipu ambacho kwako kingekauka chenyewe, kwa mama kinafikia ukubwa wa limau. Shida kubwa ni askari waliolegea kuliko adui aliyeshiba.

Sasa hiyo 17. Mwili ukipambana na maambukizi humwaga homoni za dharura, kama kotisoli na adrenalini. Hizo hulisukuma ini litoe sukari, na huizuia insulini isifanye kazi yake. Mtu anaweza kulala bila kula na asubuhi kipimo kikasoma 15. Nimeona familia zikimsema mgonjwa bure kwa jambo hili. Mwombeni mama radhi.

Asiache dawa zake, hasa insulini, eti kwa kuwa hana hamu ya kula. Akishindwa kula au akitapika, aonwe na daktari siku hiyohiyo, dozi zipangwe upya. Jipu mkande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Msilikamue, na ule unga wa kapsuli msimwagie: huganda juu, usaha ukabaki chini. Likiiva lipasuliwe hospitali, na kwa kuwa hili ni la tatu, ombeni usaha uoteshwe maabara ili ijulikane ni dawa gani itawaua bakteria hao. Apimwe pia HbA1c, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo leo jioni zungushia uvimbe mstari wa kalamu. Ukivuka mstari, au akipata homa, au maumivu yakazidi ukubwa wa jipu, au ngozi ikaanza kuwa nyeusi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.