Kiafrikaans au Kiwelisi? Niulize mimi niliyelia kwa zote mbili

Alhamisi iliyopita matokeo ya mtihani wangu wa Kiwelisi yalifika, ngazi ya kwanza kabisa, ile wanayoiita Mynediad, na safari hii nimepita. Nasema safari hii kwa sababu mwaka jana nilianguka. Sikumwambia mtu ila dada yangu, naye akautangazia ukoo mzima.

Basi nilipoiweka karatasi kwenye statasi, kijana mmoja msomaji wangu akaniandikia: "Dada, hongera sana. Nina nafasi mbili, moja ya masomo Cape Town, nyingine ya kazi Wales. Kati ya Kiafrikaans na Kiwelisi, ipi rahisi nianze nayo kabla sijasafiri?" Nikaandika neno moja, "Kiafrikaans". Kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, nikafuta.

Mimi ni mtu wa Eldoret. Wazee wetu bado wanauita mji Sisibo, kwa ajili ya shamba namba 64 la enzi za walowezi. Makaburu walifika nyanda zile mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na babu yangu aliwakamulia maziwa hadi walipofungasha virago wakati wa uhuru. Miaka yote hiyo neno la Kikaburu, yaani Kiafrikaans hicho hicho, alilorudi nalo nyumbani lilikuwa moja: voetsek. Ni neno la kufukuzia mbwa, ila babu hakulijua kwa sababu ya mbwa. Nilipokwenda kumuaga, nikamwambia naenda kusoma wanakozungumza lugha ile, akaniuliza nina mbwa wangapi.

Cape Town nilipanga chumba Bo-Kaap, kule kwenye nyumba za rangi na barabara zinazopanda kama ngazi. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiislamu, mjane. Siku ya kwanza nilimwambia "jy", ndiyo "wewe" niliyoikuta kitabuni. Akaweka kikombe chini. "Tannie," akanisahihisha. Ni kama shangazi, na huwekwa hata pale ambapo ungetarajia "wewe": Wil tannie tee hê? Shangazi anataka chai? Nilicheka peke yangu chumbani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, "Mama atakunywa chai?" huku mama mwenyewe umemkazia macho. Wenzangu Wazungu darasani walihangaika na jambo hilo muhula mzima.

Sarufi nayo ni mteremko. Kitenzi hakijui nani anatenda: ek praat, jy praat, hulle praat. Ngeli hamna. Kukanusha tu ndiko kunakoshangaza, maana wanakanusha mara mbili, Ek praat nie Afrikaans nie, kama mtu aliyefunga mlango kwa ufunguo akaongeza na komeo. Haraka haraka ni gou-gou. Kipande kipande ni stuk-stuk. Ndizi ni piesang, na "sana" ni baie. Yote mawili yametoka kwa Wamalay walioletwa utumwani. Ile "g" ya kukwaruza koo iliwatoa jasho watu, lakini mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa wa Mombasa, na alitufinya masikio mpaka "heri" zetu zikatoka kooni. Miezi minne nikawa napiga soga sokoni. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Ndipo mwanafunzi mwenzangu, dada wa Soweto niliyempenda kweli, akanisikia kwenye simu. Alisubiri nimalize. Akaniambia kwamba tarehe 16 Juni 1976 watoto wa mtaani kwao walipigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa lugha hiyo, "na wewe umetoka Kenya kuifuata kwa nauli yako." Sikuwa na jibu. Hatukugombana, lakini hakuwahi tena kunigongea mlango twende kula, na hilo bado linaniuma.

Nilimsimulia tannie. Hakusema kitu. Akaenda kabatini akatoa daftari la babu yake la madrasa, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Maandishi ya Kiarabu, irabu zote zimetiwa. Akanisomea kwa kidole, kulia kwenda kushoto, nami nikawa naelewa, maana kilichotoka kinywani kilikuwa Kiafrikaans. Wasomi wa Kizungu wa mji wa Paarl walianzisha chama chao cha kukitetea mwaka 1875, na serikali ikakifanya lugha rasmi 1925. Lakini Waislamu wa Cape walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Kitabu cha dini cha mwanazuoni Abu Bakr Effendi, cha maandishi hayo hayo, kilichapwa Istanbul 1877. Nikakumbuka tenzi za Lamu, zilivyoandikwa kwa herufi hizo hizo. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakikiita lugha ya jikoni, tannie akasema, kabla wakubwa hawajakitia viatu. Ningetamani dada yule asikie. Nilikosa ujasiri wa kumwita.

Hayo ndiyo nisiyoweza kuyabana kwenye meseji moja ya kijana. Kiafrikaans ni rahisi mdomoni. Ugumu wake uko masikioni mwa anayekusikia, na huwezi kujua ni yupi mpaka umeshafungua mdomo. Kwa hiyo anza na salamu, na kabla ya salamu mwangalie unayemsalimu.

Haya, Wales. Visa, baridi, deni la tiketi, hayo mnayajua, tuyaruke. Niliajiriwa kuhudumia wazee katika kaunti ya Gwynedd, ambako kwa sensa ya 2021 zaidi ya watu sita katika kila kumi wanazungumza Kiwelisi, ingawa Wales nzima ni asilimia 17.8 tu. Neno langu la kwanza nililisoma barabarani, limepakwa rangi nyeupe kwenye lami: ARAF. Polepole. Mfanyakazi mwenzangu aliniambia nisijisumbue, wote wanajua Kiingereza. Nikamsikiliza. Hapo ndipo nilipokosea.

Tulikuwa na mzee mmoja ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chake. Ulianza na lugha aliyojifunza ukubwani, ukamwachia ya mama yake. Usiku mmoja wa Februari, zamu yetu wote wageni, akawa anashika blanketi na kurudia, "Mae gen i boen. Boen." Simu tulikuwa tunaziacha kabatini. Palikuwa na kamusi ndogo kwenye chumba cha wafanyakazi, nikaichukua nikafungua kwenye B. Nikapitisha kidole ukurasa mzima, nikarudia. Hakuna. Nikampa maji, nikamgeuza mto, nikamshika mkono. Alilala alfajiri kwa kuchoka. Saa moja asubuhi akaja mpishi, mama mwenyeji, nikamwuliza boen ni nini. "Poen," akasema. "Maumivu. Iko kwenye P."

Nililia kwenye basi hadi nyumbani.

Kiwelisi hubadilisha kichwa cha neno kufuatana na jirani yake. Mji ni Bangor. Ukiwa unaelekea huko ni i Fangor. Ukishafika ni ym Mangor. Bango la mpakani linakukaribisha Gymru, wakati nchi yenyewe ni Cymru. Wenzangu wa darasa la jioni walilaani, mmoja akaacha kabisa. Mimi niliposhika kalamu nikaandika ulimi, ndimi, ubavu, mbavu, nilibaki nimeduwaa. Sisi hufanya hivi hivi tangu tukiwa watoto na hatujawahi kuona ni ajabu! Kuna na lingine. Hawana kitenzi cha kumiliki. Mae gen i gar ni kama kusema gari lipo nami, na "nina gari" yetu ukiifumua unakuta ni "ni" na "na". "Ndiyo" moja ya kila mahali pia hawana, hujibu kwa kitenzi, kama mtu anavyouliza chai ipo, ukajibu ipo.

Nikabandika sentensi moja ukutani juu ya sinki: Oes gynnoch chi boen? Je, una maumivu? Na "chi" ni ya heshima, usije ukamwambia mzee "ti". Wiki ya tatu nikamwuliza. Aliniangalia kwa muda mrefu. "Oes," akasema, akaweka mkono kwenye nyonga. Yapo. Muuguzi aliitwa, akapewa dawa, akalala.

Ninyi mnaojiandaa kwenda ng'ambo, maana najua wengi mnaosoma hapa ndiyo safari yenu, acheni kuuliza lugha ipi rahisi. Ulizeni ilipitia wapi. Watoto wa Wales karne ya 19 walivalishwa kibao shingoni wakikutwa wanaongea lugha yao, mwenye nacho anamtafuta mwenzake wa kumkabidhi, na wa mwisho jioni anachapwa. Mimi nilivaa disk, kibao kama hicho cha shuleni kwetu, darasa la nne kwa neno moja la Kiswahili, kwa hiyo msinieleze. Huko Afrika Kusini ikawa kinyume, watoto wakalazimishwa lugha wasiyoitaka. Kiwelisi kilirudi kwa kupiganiwa. Televisheni yao, S4C, ilipatikana 1982 baada ya mwanasiasa wao Gwynfor Evans kutishia kufunga hadi kufa. Mtu wa aina hiyo ukimwambia bore da, habari za asubuhi, na lafudhi yako ya Eldoret, anasimamisha gari. Kwa hiyo anza na salamu. Nimeshasema, narudia, salamu. Halafu usije na kichwa kitupu, njoo na Kiswahili chako, kina funguo nyingi kuliko vitabu vyao. Ukichekwa, chekwa. Mimi nilimwambia kasisi wa pale kwamba mimi ni kuku, na bado ananialika chai.

Yule kijana nimemrudishia swali badala ya jibu. Nimemwambia achukue kamusi yoyote ya Kiswahili atafute neno "ndefu", kisha aniambie amelikuta kwenye herufi gani. Tiki mbili za bluu tangu jana saa tano. Anatafuta.