Nyayo zinawaka moto miaka mingi baada ya kuacha chang'aa

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 48, nami ni seremala hapa Nakuru. Nilikunywa chang'aa na kuvuta sigara kwa miaka 15 hivi, nikaacha vyote miaka 9 iliyopita. Tangu mwaka jana nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka ikizigusa zinauma. Nilipima ini nikaambiwa vimeng'enya viko sawa. Je, ni pombe ya zamani?

Jibu: Pole, ndugu yangu, na hongera kwa kuacha. Pombe ya zamani inaweza kumdhuru mtu hata leo, lakini nisingependa tuitwike mzigo huu kabla hatujaupima. Pombe ni sumu kwa neva za miguu, na pia humpunguzia mnywaji vitamini B1, kwa sababu hula kidogo na utumbo wake haufyonzi vizuri kile alichokula. Hata hivyo, madhara hayo kwa kawaida huanza mtu angali anakunywa, na akiacha hutulia au hupungua polepole. Maumivu yanayoanza miaka 8 baadaye hunifanya nitafute chanzo kingine, kwanza kabisa kisukari. Hapo pombe ya zamani yaweza kuhusika tena, maana ulevi wa muda mrefu huweza kuharibu kongosho, nalo ndilo hutengeneza insulini.

Omba upimwe sukari kwa HbA1c, inayoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, pamoja na vitamini B12 na VVU. Ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu, au uliwahi kuzitumia, sema, kwa kuwa isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, nayo huweza kudhuru neva. Tena uvue viatu na soksi mbele ya daktari. Mimi humwomba mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa kidole gumba cha mguu kwa uzi mgumu wa nailoni, naye aseme kila anapouhisi. Wako wanaokaa kimya hata uzi ukiwa umepinda juu ya ngozi. Mwenye mguu kama huo, akiwa anashinda kwenye karakana yenye misumari, aukague kila jioni.

Kuhusu ini, neno hilo "sawa" halinitoshi. Vimeng'enya huvuja kwenye damu seli za ini zinapoumia, na pombe ikiisha hushuka, ilhali kovu lililokwisha kujengeka laweza kubaki. Mtu anaweza kuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na vimeng'enya vya kawaida kabisa. Uliza idadi ya chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), albumini (protini inayotengenezwa na ini), na picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, na upimwe homa ya ini aina ya B na C. Kwa kuwa ulivuta sigara, mapafu yapimwe nguvu ya pumzi ikiwa unahema upandapo ngazi.

Wakati unasubiri majibu, tafadhali usijinunulie dukani vidonge vyenye vitamini B6 nyingi, kwani ikizidi kwa muda mrefu, nayo huleta moto huohuo wa nyayo.