Feloshipu ya tiba ya michezo: utajuaje kama altrasaundi yao ni ya kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko mwaka wa pili wa residensi ya famili medisini hapa Marekani, nataka kuomba feloshipu ya tiba ya michezo na kitu ninachokitaka kuliko vyote ni altrasaundi ya misuli na viungo. Shida ni kwamba kila programu inajisifia altrasaundi, sasa nawatofautishaje?

JIBU: Marahaba. Lazima wote wajisifie, mashine siku hizi karibu kila kliniki ya michezo inayo kwa hiyo kuwa nayo sio habari tena, cha kuuliza ni nani anashika probu, kile kifaa cha mkononi kinachowekwa juu ya ngozi ya mgonjwa. Kuna sehemu feloo, yaani daktari anayefanya mafunzo haya ya ziada baada ya residensi, anasimama nyuma ya bosi mwaka mzima anaangalia skrini, anatingisha kichwa, akimaliza anaambiwa amefundishwa. Na feloshipu hizi za sisi ambao sio wapasuaji ni mwaka 1 tu, ukila miezi minne ya kutazama ndo basi tena.

Hii kazi ni mkono. Mi wiki zangu za mwanzo niliweka probu begani kwa mgonjwa nikaona weusi katikati ya kano ya suprasipinatasi, ile ya juu ya bega, nikasema imechanika hii, tena kwa kujiamini kabisa. Mwalimu wangu hakubisha, alikuja akaushika mkono wangu akainamisha probu kidogo tu, digrii chache, ule weusi ukapotea na kano ikang'aa nzima. Kumbe mawimbi yalikuwa yanaipiga kano kwa mshazari yanarudi pembeni badala ya kurudi kwenye probu, kwa hiyo kano nzima inaonekana kama ina tundu. Ndo anisotropi hiyo, nilishaisoma na kwenye mtihani nilishaijibu vizuri tu, ila mkono ulikuwa haujaijua. Fikiria mwalimu angekuwa chumba kingine, yule mgonjwa angeondoka na ripoti ya kano iliyochanika.

Kwa hiyo kwenye intavyuu usimuulize mkurugenzi, muulize feloo wa sasa, tena mkiwa wenyewe. Muulize toka ameanza ameskani wagonjwa wangapi yeye mwenyewe, sio "tumeona", yeye. Mwambie akuelezee kesi moja ya wiki iliyopita, anayeskani kweli atakwambia alianzia wapi na probu ilimkatalia wapi, mtazamaji atakujibu kwa ujumla jumla. Halafu picha zake zinahifadhiwa, na kuna mtu anakaa naye kuzipitia? Kama picha zinafutwa mgonjwa akitoka hakuna anayejua umekosea wapi, hata wewe.

Kingine ambacho watu wanakisahau, kuchoma sindano kwa altrasaundi na kutafuta ugonjwa kwa altrasaundi ni vitu viwili. Programu nyingine utachoma magoti na mabega mpaka uchoke, ukiambiwa mchunguze kifundo cha mguu chote mbele nyuma na pande zote unababaika. Sindano inataka uione ncha yake, basi, uchunguzi unataka ujue kila kano inakaaje na umchezeshe mgonjwa hapo hapo, akunje kiwiko uone kama neva ya alna inaruka mfupa, azungushe mguu uone kama kano za peronea, zile za upande wa nje wa kifundo, zinatoka kwenye mfereji wake. Hicho emurai (MRI) ya kawaida haikupi kwa sababu mgonjwa kalala tu hatingishiki, na mi naona hapo ndo utamu wa altrasaundi ulipo.

Uliza pia hospitalini kwao nani anaandika ripoti za altrasaundi za misuli na viungo. Kama zote zinakwenda radiolojia, nyie mtabaki na sindano. Na kama kuna maresidenti wa fiziatria (tiba ya urekebishaji wa mwili) kliniki hiyo hiyo, uliza probu inagawanwaje, foleni ya probu nimeiona na sio nzuri.

Kuhusu cheti cha RMSK, kile cha Marekani cha altrasaundi ya misuli na viungo, mwalimu kuwa nacho ni dalili nzuri ila usikifanye kigezo pekee, kuna wenye cheti hawana subira ya kufundisha. Ila wewe mwenyewe kama utakitaka baadaye wanataka idadi ya uchunguzi uliofanya, kawaida 150, kwa hiyo anza daftari lako siku ya kwanza, kuja kuhesabu mwishoni ni mateso.

Timu kubwa wanazozihudumia zisikubabaishe. Kusimama pembeni ya uwanja jumamosi ni raha sijakataa, lakini probu unaijulia kliniki jumanne asubuhi na mgonjwa wa kisigino.

Ukishapata programu zako tatu nne niandikie na majibu ya hao mafeloo kama walivyoyasema, tuyapitie kabla hujapanga listi yako ya Match, ule mfumo wa kuwapangia madaktari programu.