Maswali ya Wasomaji: Nabii kamwambia mama aache vidonge vya presha

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mama yangu ana presha miaka mingi tu, sasa tangu mwaka jana anasali kwa nabii mmoja huku kwetu Mbeya, kamuuzia leso ya upako elfu thelathini na kamwambia kumeza vidonge ni kukosa imani. Nilipohoji nikaambiwa "msiwaguse masihi wangu", mama akalia siku nzima eti nawaletea laana nyumbani. Hivi kweli Biblia inakataza kumuuliza mtumishi? Na hiyo leso anasema ipo kwenye Matendo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa leo leo kaa na mama umbembeleze arudi kliniki apimwe, daktari amwambie namna ya kuanza tena dawa, maana presha haisubiri sisi tumalize kubishana maandiko.

Haya, huo mstari wa "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, ni Zaburi 105:15. Fungua uanzie juu kidogo, mstari wa 9 mpaka huo wa 15, utakuta wanaosemwa hapo ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, kafamilia ka wageni kanahamahama nchi za watu, na wanaokemewa ni wafalme wasije wakawaonea. Hamna muumini aliyekatazwa kuuliza pale! Ingekuwa kuuliza ni kumgusa masihi basi Paulo ndo angelaaniwa wa kwanza, soma Wagalatia 2, alimpinga Petro uso kwa uso Antiokia mbele ya watu wote. Na yeye Paulo alipofika Beroya wale watu walimsikiliza vizuri halafu kila siku wakawa wanachunguza maandiko waone kama anachosema ndivyo kilivyo, na Luka, aliyeandika Matendo, anawaita waungwana. Yaani Paulo kachunguzwa, sembuse nabii wa leso ya elfu thelathini.

Leso yenyewe ni kweli ipo, Matendo 19:12, ilitokea Efeso, leso na nguo zilizomgusa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Shida ni kwamba wauza leso wakifika hapo wanafunga kitabu. We geuza ukurasa mmoja tu, sura ya 20, Paulo yuko Mileto anawaaga wazee wa kanisa la Efeso, Efeso ile ile ya leso, anawaambia hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, mikono yake mwenyewe ndo ilimlisha. Na ni humo humo anawaonya kwamba mbwa-mwitu wakali wataingia wasilihurumie kundi, tena wengine watainuka kutoka kwao wenyewe.

Halafu kuna kitu huwa nakipenda sana. Timotheo alikuwa na tumbo linamsumbua kila mara, na Paulo hakumtumia leso, alimwambia anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Trofimo naye kamwacha Mileto anaumwa, ipo 2 Timotheo 4:20, na hakuna popote anaposema Trofimo hakuwa na imani.

Sasa kwa mama usiende na maneno ya "huyo tapeli", atamtetea mpaka asubuhi. Mwambie akuletee Biblia yake mwenyewe, ile ya zipu anayokwenda nayo ibadani, akusomee kwa sauti Matendo 19 na 20, we tulia usitafsiri kitu. Mimi mama mkwe wangu alifika kwenye "fedha wala dhahabu" akavua miwani, akauliza, "hivi hii ilikuwepo siku zote?"

Na usidhani nakuza mambo. Kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge ili wakamwone Yesu, mahubiri hayakuanzia kwenye njaa, yalianza na kukataa shule na hospitali.

SWALI: Mchungaji, je mtu akitabiri na kikatokea kweli, si tayari ni wa Mungu huyo?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Kumbukumbu la Torati 13 mwanzoni kabisa inasema hata ishara ikitimia, kama anawavuta mfuate miungu mingine msimsikilize. Kwa hiyo akikutajia namba yako ya simu madhabahuni we bado msikilize anafundisha nini.