Jibu: Watoda bado wanalala kwenye nyumba za umbo la pipa?

Ndugu, umeuliza kama Watoda, kabila dogo la milima ya Nilgiri, kule Tamil Nadu, India, bado wanaishi kwenye zile nyumba za umbo la pipa. Wachache sana. Wengi siku hizi wana nyumba za matofali kama majirani zao. Zile za mianzi na nyasi, zenye mlango mdogo wa kuingia kwa kutambaa, zimebaki zaidi kama mahekalu ya maziwa. Humo kuhani, ambaye lazima awe mwanamume, hushughulikia maziwa ya nyati watakatifu, wanawake hawaingii.

Kilichobadilisha maisha yao hasa ni ardhi. Waingereza walipopanda huko kuanzia miaka ya 1820 walijenga mji wa Ooty, na baadaye malisho yakajazwa chai, mikaratusi na miwati. Nyati atakula nini hapo? Makundi yakapungua, watu wakageukia kulima viazi na karoti, wengine wakakodisha mashamba. Desturi ya mke mmoja kuolewa na ndugu kadhaa nayo imekwisha.

Ila usidhani kila kitu kimekufa. Wenyewe ni kama 2,000 tu, lakini lugha yao wanaizungumza, na wanawake wanatarizi mashuka meupe kwa uzi mwekundu na mweusi, wakihesabu nyuzi za kitambaa bila kuchora chochote kwanza. Tangu 2013 jina la tarizi hiyo linalindwa kisheria. Mitandaoni zinauzwa nyingi za mashine, kwa hiyo ukinunua angalia vizuri.