Kuandika kwa C badala ya asembli unaporekebisha mchezo wa Game Boy Advance

Swali: Ninatafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Kijapani wa Game Boy Advance, nilioutoa kwenye katriji yangu mwenyewe. Faili lake lina megabaiti 8. Mchezo huu huipa kila herufi pikseli 8, kwa hiyo maneno yetu hayatoshi kwenye kisanduku cha maandishi. Nimeanza kuandika kwa asembli kipande cha kuchora kila herufi kwa upana wake, lakini kimefika mistari mia nne na siwezi tena kukifuata. Je, ninaweza kukiandika kwa C na kukipachika ndani ya mchezo ambao sina msimbo wake wa asili? Na mchezo hautakuwa mzito?

Jibu: Inawezekana, na kwa kazi uliyoieleza ndiyo njia ninayokushauri uifuate. Prosesa ya kifaa hicho ni ARM7TDMI, ambayo kompaila ya GCC (programu inayogeuza C kuwa amri za prosesa) inaifahamu vizuri hadi leo, na michezo mingi ya Game Boy Advance iliandikwa kwa C tangu mwanzo. Waliofumua mchezo wa Pokémon Emerald walilithibitisha jambo hilo bila kuacha shaka: waliuandika upya msimbo wake kwa C, wakaupitisha kwenye kompaila iliyotokana na GCC 2.95, wakapata faili linalolingana na la katriji baiti kwa baiti. Ukifungua mchezo wako kwa Ghidra, programu ya kuchambua msimbo, na kuona kwamba vitendakazi vyake vingi vinaanza kwa kusukuma rejista za r4, r5 na lr (nafasi ndogo za thamani ndani ya prosesa) kwenye steki, basi na wenyewe umetoka kwenye kompaila, na msimbo wako wa C utaelewana nao bila mkalimani. Ingekuwa Game Boy ya mwaka 1989, yenye prosesa ya biti 8 na rejista chache, nisingekushauri hivi kwa moyo mmoja.

Kuelewana huko kunategemea mapatano ya rejista. Thamani nne za kwanza zinazopelekwa kwa kitendakazi hubebwa na r0 hadi r3, jibu hurudi katika r0, r4 hadi r11 lazima ziachwe kama zilivyokutwa, na r12 haina mwenyewe. Kompaila huyatii mapatano haya kila mara, lakini inayatii kwenye mpaka wa kitendakazi tu. Kwa hiyo badilisha kitendakazi kizima kinachochora herufi, kuanzia amri yake ya kwanza, na usijaribu kuingia katikati yake, kwa sababu katikati kuna thamani ambazo mchezo umeziweka kwenye rejista kwa matumizi yake na C haina njia ya kuzijua. Mia nne ya mistari yako itageuka pengine mistari sitini ya C, na asembli itabaki kwenye mshono peke yake, yaani pale ambapo mchezo unakabidhi kazi kwako. Mshono huo ndio unaohitaji uangalifu wako wote.

Tatizo la kwanza la mshono ni umbali. Katriji huonekana kwa prosesa kuanzia anwani 0x08000000, kwa hiyo faili lako la megabaiti 8 linaishia 0x087FFFFF. Ukilirefusha hadi megabaiti 16, msimbo mpya utakaa kuanzia 0x08800000, na kifaa kinaruhusu hadi megabaiti 32, hivyo nafasi si tatizo. Hata hivyo, amri ya bl, inayoita kitendakazi, katika Thumb (seti ya amri fupi za biti 16 za prosesa hii, tofauti na za ARM zenye biti 32) haiwezi kuruka zaidi ya takriban megabaiti 4 mbele au nyuma, na kitendakazi kilichoko mwanzoni mwa faili hakitaufikia msimbo wako kwa amri hiyo. Wengi hutumia daraja la baiti 8: 00 4B 18 47, kisha anwani ya kwenda. Baiti hizo hupakia anwani kwenye r3 na kuruka. Daraja hilo ni zuri pale ambapo r3 haina kitu, lakini kitendakazi cha kuchora mara nyingi hupokea herufi, nafasi ya mlalo, nafasi ya wima na rangi, na hiyo rangi iko ndani ya r3. Ukiipoteza, maandishi yatatoka kwa rangi za kubahatisha nawe utaanza kutafuta kosa ndani ya C, mahali ambapo halipo.

Tumia daraja la baiti 16. Kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, weka bx pc na kuifuatisha nop, amri isiyofanya kitu. Prosesa itahama kutoka hali ya Thumb kwenda hali ya ARM. Kisha, kwa amri za ARM, weka ldr r12, [pc] na bx r12, halafu baiti nne za anwani. Thamani zote nne zitavuka salama. Katika madaraja yote mawili, anwani lazima iwe na 1 kwenye biti ya mwisho, yaani 0x08800001 na si 0x08800000, kwa kuwa biti hiyo ndiyo inayoiambia prosesa kwamba inakokwenda kuna Thumb. Ukiisahau, amri za Thumb zitasomwa kama za ARM na mchezo utaganda papo hapo. Kabla ya hayo yote, angalia kama kitendakazi hicho huitwa kupitia jedwali la anwani. Ikiwa ndivyo, badilisha baiti nne za jedwali tu, na hutahitaji daraja lolote.

Kwa upande wa kompaila, chukua arm-none-eabi-gcc, kama ile inayokuja na devkitARM, na uiendeshe kwa -mcpu=arm7tdmi -mthumb -mthumb-interwork -mlong-calls -ffreestanding -O2. Ile -mlong-calls ndiyo inayoruhusu msimbo wako uliko mbali kuviita vitendakazi vya mchezo. Anwani za vitendakazi hivyo utaziorodhesha kwenye hati ya kiunganishi (programu inayounganisha vipande vya msimbo na kuvipa anwani), kila moja ikiwa na ile 1 mwishoni, kisha ndani ya C utavitangaza kama vitendakazi vya kawaida. Usishangae kiunganishi kikilalamika kwamba hakioni memcpy wakati hukuiandika popote: kompaila inaweza kuugeuza mzunguko wako wa kunakili kuwa mwito wa memcpy. Iandike mwenyewe, au kiunganishi kielekezwe kwenye ile ya mchezo. Kugawanya nako ni hivyohivyo, kwa sababu prosesa hii haina amri ya kugawanya. Kwa kugawanya kwa 8 tumia aina zisizo na alama ya hasi, na kompaila itahamisha biti tatu tu. Kwa mgawanyo mwingine unganisha libgcc, maktaba ya msaada ya GCC, au tumia huduma namba 6 ya BIOS, msimbo uliomo ndani ya kifaa chenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo linalowaangusha wengi wanaotoka kwenye C ya kompyuta. Mchezo wako huchora herufi moja kwa kila mwito, kwa hiyo lazima ukumbuke herufi iliyopita iliishia pikseli ya ngapi. Katika C utaandika kigeu cha static (kinachobaki na thamani yake kati ya miito) bila kufikiri, kiunganishi nacho kitakiweka baada ya msimbo wako, ndani ya katriji, ambako hakuna kinachoandikika. Hutaona kosa lolote. Thamani haitabadilika tu, na herufi zote zitarundikana mahali pamoja. Jedwali la upana wa herufi, likiwa const, linaweza kukaa kwenye katriji bila shida, lakini kila kinachobadilika lazima kipewe mahali katika kumbukumbu: kilobaiti 256 zinazoanzia 0x02000000, au kilobaiti 32 za kasi zinazoanzia 0x03000000. Ili kupata sehemu ambayo mchezo hauitumii, ijaze alama unayoitambua kupitia dirisha la kumbukumbu la mGBA, programu inayoiga kifaa hicho kwenye kompyuta, kisha cheza kwa muda mrefu, pigana, hifadhi mchezo, ufungue tena, ubadilishe ramani, na uone kama alama imeguswa. Weka sehemu ya .bss (vigeu vinavyotarajiwa kuanza na sifuri) hapo kwenye hati ya kiunganishi, na uongeze sharti la ASSERT linalokataa kuunganisha ikiwa .data (vigeu vyenye thamani nyingine ya mwanzo) ina hata baiti moja. Kumbuka pia kwamba hakuna anayekusafishia .bss, sifuri unayoitegemea lazima uiandike mwenyewe kila kisanduku cha maandishi kinapofunguliwa.

Uchoraji wenyewe ndipo C inapolipa. Ikiwa mchezo wako unatumia vigae vya rangi 16, kigae kimoja cha pikseli 8 kwa 8 kina baiti 32, na kila mstari wake ni baiti nne, yaani namba moja ya biti 32. Pikseli ya kushoto kabisa iko kwenye biti za chini, hivyo kuisogeza herufi kulia kwa pikseli n ni kuhamisha namba hiyo kushoto kwa biti 4n, na kinachofurika huenda kwenye kigae kinachofuata kwa kuhamisha kulia kwa biti 32 − 4n. Hapo kuna mtego. Pale n inapokuwa 0 utakuwa umehamisha kwa biti 32, jambo ambalo amri ya asembli hulifanya na kutoa 0, ilhali C haikuahidi jibu lolote, na kompaila ina haki ya kutoa inachotaka. Weka sharti linaloruka hatua hiyo n ikiwa 0. Mtego wa pili ni wa kifaa: kumbukumbu ya picha inayoanzia 0x06000000 haipokei baiti moja moja. Ukiandika baiti moja kwenye vigae vya mandhari, itarudiwa kwenye baiti jirani, na herufi zitaonekana zimepasuka pande mbili. Elekeza kwa uint32_t, soma mstari mzima, uunganishe na herufi yako, kisha uandike mstari mzima.

Kuhusu uzito, sina wasiwasi. Prosesa huenda kwa megahezi 16.78 na ina mizunguko 280,896 kwa kila picha ya skrini. Herufi ya mistari 16 inahitaji kusoma na kuandika mara chache mno kulinganisha na nafasi hiyo. Baki tu kwenye Thumb, kwa sababu njia ya katriji ina upana wa biti 16 na kila amri ya ARM ingesomwa kwa safari mbili. Faida ya upande wa lugha ni kubwa. Skrini ina pikseli 240, na neno kama wamekushambulia, lenye herufi 15, linameza pikseli 120 kwa mfumo wa sasa, wakati i na l zake zingetosheka na pikseli tatu au nne kila moja. Hatuhitaji herufi zenye alama za juu. Ongeza ritifaa ya ng' peke yake, na uipe pikseli tatu.

Hifadhi faili la ELF ambalo kiunganishi hutoa, uiunganishe GDB, programu ya kutafuta makosa, na mGBA, na utaweza kusimamisha mchezo kwenye mstari wa C badala ya kuhesabu anwani. Utakapogawa tafsiri yako, toa kiraka cha BPS (faili lenye mabadiliko yako tu) peke yake, kwa kuwa mchezo wenyewe una haki za wenyewe. Muundo huo pia hukagua kama msomaji ameanza na faili sahihi.

Jaribio la kwanza lifanye kabla ya kugusa upana wowote: weka daraja, andika kitendakazi chako cha C, na ujaze 8 kwenye jedwali lote la upana. Picha ikitoka sawasawa na ya mchezo wa asili, pikseli kwa pikseli, mshono wako ni mzima. Hapo ndipo uanze kupunguza i.