Pima Mapema, Upate cha Kulinganishia

Mwenzangu mwenye mimba ya wiki nane au kumi, unayesema utaanza kliniki mimba ikishaonekana, haya nakuandikia wewe. Najua kwa nini unasubiri. Kwetu Pemba mimba changa haitangazwi: mtu huogopa kijicho, huogopa maneno, na wengine huona haya hata mbele ya mama mkwe. Siri hiyo ni haki yako, na mkunga anawajibika kuitunza. Lakini kipimo cha mwanzo cha utrasaundi kina wakati wake, na ukishapita haurudi.

Katika miezi mitatu ya kwanza watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa mama mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Kwa hivyo anayepiga utrasaundi humpima mtoto kutoka utosini hadi matakoni, na urefu huo ukichukuliwa kabla ya wiki ya 14 hutaja umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba tu. Ukenda mara ya kwanza wiki ya 30, mashine hiyohiyo inaweza kutofautiana na ukweli kwa wiki tatu. Hapo mtoto akionekana mdogo, ni vigumu kujua kama ni mdogo kweli au mimba ndiyo changa kuliko ulivyohesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mimi nasema usingoje hata huko.

Na hesabu zetu nazo zina mambo yake. Wengi tunakwenda kwa mwezi mwandamo: "Niliingia mwezini mfunguo tatu, mwezi kumi." Ni hesabu nzuri kama unaijua vyema, ila miezi tisa ya mwandamo ni kiasi cha siku 266, na hospitali huhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti hiyo ni wiki mbili nzima, na katika kupima mtoto wiki mbili ni nyingi. Siku unapoiona damu ya hedhi, andika kwenye simu tarehe zote mbili, ya mwandamo na ya kalenda ya kawaida, usimwachie nesi kazi ya kukisia.

Katika mimba yangu ya pili nilipimwa mapema, na karatasi ile nikaihifadhi ndani ya kadi ya kliniki. Baada ya miezi kadhaa mkunga alinilaza akanipima kwa utepe kutoka kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Kati ya wiki ya 24 na ya 36 hivi, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, kwa tofauti ya mbili tatu. Mimi nilikuwa nyuma zaidi ya hapo, naye akaniandikia utrasaundi. Kichwa na mfupa wa paja vikaonekana sawa na umri. Tumbo la mtoto ndilo lililobaki nyuma. Wifi yangu aliyenisindikiza alitaka kunituliza, akasema baba yake mwenyewe mwembamba, mtoto atakuwa mkubwa wa nini? Daktari alikunjua karatasi ya kwanza, akaona umri hauna ubishi, na hapo ndipo walipoanza kunifuatilia kwa karibu.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu linapopimwa, mstari hupita pale lilipo ini, na ini ndilo ghala la sukari la mtoto. Kondo la nyuma likishindwa kuleta chakula cha kutosha, mara nyingi kwa mama mwenye presha, akiba ile hutumika na ini halijai. Mwili wa mtoto wakati huo huupendelea ubongo, damu hupelekwa huko kwanza, ndiyo maana kichwa huendelea kukua huku tumbo likisimama. Mwenyezi Mungu kampanga hivyo, na mimi kila nikiyafikiria hunisisimka mwili.

Basi ukipewa karatasi, usikimbilie kwenye kilo. Uzito ule haukupimwa kwenye mizani, umepigwa hesabu kutokana na kichwa, tumbo na paja, na unaweza kutofautiana na uzito wa kweli kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto aliyeandikwa kilo 3 huenda ana 2.6 au 3.4. Angalia mbele ya herufi AC, ndipo lilipo tumbo, ulize: linalingana na wiki zangu? Na kama kipimo cha nyuma kipo, ulize limeongezeka kiasi gani tangu siku ile. Kipimo kimoja hukwambia ukubwa wa leo tu. Kukua kunataka viwili, vyenye nafasi ya wiki mbili au tatu baina yao, maana kwa siku chache tofauti ya mkono wa mpimaji inaweza kuzidi alichokua mtoto. Wanaokwenda kupima kila wiki kwa wasiwasi wanajichosha na kutoa pesa bure.

Kwa aliyechelewa bado ipo njia ya kukisia umri wa mimba. Upana wa ubongo mdogo, ule wa nyuma ya kichwa, kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki mpaka katikati ya mimba. Urefu wa figo nao hufanana hivyo: wiki ya 32, milimita 32 hivi. Lakini haya ni makadirio, hayafiki ubora wa kipimo cha mwanzo.

Msikubali pia ile kauli ya "watoto wa Kipemba wadogo kimaumbile". Utafiti wa INTERGROWTH-21st, uliotolewa mwaka 2014, ulipima mimba za wanawake wenye afya na lishe nzuri katika nchi nane, zikiwemo Kenya na Oman, na watoto wakaonekana kukua kwa kufanana mno. Ni kweli kwamba mtoto aliyemo kati ya 10 wadogo kabisa katika 100 si lazima awe na shida, wengine ni wadogo na wazima. Hilo huamuliwa kwa kumfuatilia na kutazama damu inavyopita kwenye kitovu, haliamuliwi kwa kabila.

Wangu walimfuatilia hivyo mpaka wiki ya 37, wakanianzishia uchungu, akatoka msichana wa kilo mbili na kidogo, analia kwa nguvu. Sasa yuko skuli.

Jambo jengine: vipimo hivi vyote vina tarehe, na mtoto hangoji tarehe. Ukiona hachezi kama kawaida yake, hata kama jana tu umeambiwa tumbo liko sawa, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na kadi yako mkononi.